Tairi Moja Linazunguka, Gari Halitoki

Masika yakishika, kazi ya gereji hapa Korogwe hubadilika. Kiangazi nashinda na bushi zilizokufa na shokapu zinazovuja. Mvua zikianza, zinaingia klachi zilizoungua, difu zinazolia, na gari ambalo kati ya tairi zake mbili za nyuma moja tu ndilo limelika. Magari yanatoka pande zote: Handeni, ambako ukiiacha lami ya kilomita 65 kutoka hapa unaingia kwenye barabara za udongo za vijijini, na huku kwetu, milimani Dindira, Bungu na Vugiri, au bondeni kuelekea Magoma na Mashewa. Dereva akishuka, maneno ni yaleyale: "Fundi, gari haina nguvu. Nimekanyaga mpaka mwisho, tairi inazunguka tu."

Injini inayoweza kuzungusha tairi ndani ya tope haijapungukiwa nguvu. Nguvu ipo, tena inazidi. Imekosa ardhi ya kushika, na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, ndiyo iliyoipeleka upande usioshika. Msimamo wangu, baada ya kufungua difu nyingi za njia hizi, ni huu: dereva wa gari linalosukumwa na tairi za nyuma akiielewa difu yake, na akijua kama gari lake lina mfumo wa kudhibiti utelezi au halina, atakwama mara chache, atatumia fedha kidogo gereji, na atakuwa salama zaidi kwenye lami yenye maji. Asipoielewa, ataendelea kukanyaga.

Magari ya aina hiyo ni mengi kwetu kuliko watu wanavyodhani. HiAce za abiria, za zamani na zile za umbo jipya lililotoka mwaka 2004, zinasukumwa na tairi za nyuma. Canter na Fuso za mizigo, vivyo hivyo. Mark II za GX100 na GX110, Crown, Mark X, zote zimo. Noah ndiyo inayochanganya watu. Noah ya zamani, ile ya SR40 iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, ina injini chini ya viti vya mbele na propela shafti inayokwenda nyuma. Noah iliyoifuata mwishoni mwa 2001 inavutwa na tairi za mbele, ukiacha zile zinazotumia tairi zote nne. Watu wanauziana hizi gari mbili kwa jina moja, halafu mtu anashangaa kwa nini ya kwanza ilipanda mlima wa Vugiri ikiwa na abiria na ya pili inateleza palepale. Gari likipanda mlima uzito hurudi nyuma. Tairi za nyuma zinakandamizwa, za mbele zinakuwa nyepesi. Hapo gari la kusukumwa kwa nyuma lina faida. Kwenye tambarare yenye tope, likiwa tupu, faida hiyo haipo, kwa sababu injini iko mbele na tairi zinazofanya kazi ziko nyuma bila mzigo wa kuzikandamiza. Ndiyo maana Canter iliyoshusha mahindi hukwama njiani wakati wa kurudi, mahali ilipopita ikiwa na mzigo.

Difu iliwekwa kwa sababu ya kona. Gari ambalo tairi zake za nyuma zimeachana mita 1.5 likizunguka mduara mzima, tairi la nje hutembea zaidi ya mita 9 kuliko la ndani. Zingefungwa kwenye chuma kimoja, mojawapo ingelazimika kuburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata jibu tangu miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke, na jibu lake ndilo lililo chini ya HiAce hadi leo: kraunwili inazungushwa na pinieni, ndani yake kuna spaida gia zinazozunguka kwenye pini, na hizo zinazigawia ekseli shafti mbili, ya kulia na ya kushoto. Kila tairi linaruhusiwa kwenda kwa mwendo wake.

Ruhusa hiyo ina masharti yake, na hapo ndipo madereva wengi wanapopotea. Difu ya kawaida inagawa mwendo kwa tofauti, lakini nguvu inaigawa sawa kwa sawa. Haiwezi kuupa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Chukua HiAce iliyosimama, tairi la kulia limezama kwenye tope, la kushoto lipo kwenye changarawe. Tuseme tope linahimili msukumo wa kilo 100 kabla tairi halijateleza, na changarawe inahimili kilo 400. Mtu angedhani gari lina msukumo wa kilo 500. Halina. Upande wa tope ukipokea 100, upande wa changarawe nao unapata 100. Jumla ni 200. Zile 300 zilizobaki kushoto zipo ardhini, ila hakuna njia ya kuzifikia. Ukiongeza mafuta hupati hata kilo moja ya ziada. Unaongeza tu mbio za tairi la kulia. Na tairi likishaanza kuteleza, mshiko hupungua zaidi, na linachimba.

Angalia na spidomita. Kwenye magari kama Noah ya zamani, spidomita inasoma mzunguko unaotoka kwenye gia boksi, yaani wastani wa tairi zote mbili. Moja likiwa limesimama na spidomita inaonyesha 60, lile linalozunguka linakwenda kwa mwendo wa 120. Watengenezaji wa tairi huonya kwamba gari lililokwama lisizungushwe tairi kupita 55 kwenye spidomita, kwa sababu tairi linaweza kupasuka kwa joto na mbio hizo. Utingo na abiria huwa wamesimama palepale nyuma, wanasukuma. Kila ninapomwona dereva amekanyaga mpaka chini huku watu wameinama nyuma ya gari, napiga kelele aachie.

Gharama nyingine haionekani mpaka difu ifunguliwe. Spaida gia hazina beringi. Zinazunguka moja kwa moja juu ya pini. Barabara ikiwa imenyooka zinatulia, kwenye kona zinajizungusha polepole, na hiyo ndiyo kazi zilizoundiwa. Tairi moja likizunguka bure, zinakimbia kwa mbio zisizo zake. Nikimwaga oili ya difu iliyopigana na tope masika nzima, inatoka nyeusi ina chembechembe zinazometameta juani. Nikiitoa pini, nakuta imebabuka na kuwa ya bluu kwa joto, ina mfereji unaoshikika kwa kucha, na washa zilizokuwa nene zimebaki nyembamba. Hapo mwenye gari anauliza bei ya difu nzima, wakati tatizo lilianza kwa mguu wa kulia.

Waliowahi kuendesha trekta kwenye mashamba yetu ya mkonge wanaijua dawa, hata kama hawajawahi kuisikia ikielezwa. Massey Ferguson inayosukumwa na tairi mbili kubwa za nyuma ina pedeli mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, zilizounganishwa kwa kishikizo wakati wa kwenda barabarani. Ikiwa shambani na tairi la kulia likaanza kuzunguka bure, dereva anatoa kishikizo na kukanyaga breki ya kulia peke yake. Trekta linatoka. Amelizuia tairi linalokula nguvu, na difu imelazimika kuupeleka msukumo upande wa pili.

Mfumo wa kudhibiti utelezi, ambao kwenye Toyota umeandikwa TRC, unafanya hivyohivyo bila dereva kukanyaga kitu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa breki za ABS kwa magari ya kawaida mwaka 1978, ikafuatisha mfumo huu mwaka 1986, kwa kutumia vifaa vilevile. Kila tairi lina sensa inayohesabu meno ya ringi ndogo iliyo kwenye habu. Tairi za mbele, kwa kuwa hazisukumwi na injini, zinatoa mwendo halisi wa gari. Kompyuta inalinganisha. Za nyuma zikizidi za mbele, inajua kuna utelezi. Kwanza inapunguza nguvu ya injini. Na kama ni tairi moja tu linalozunguka, kwenye magari yenye mfumo kamili, inalifunga breki hilo moja.

Rudi kwenye HiAce yetu, ipe mfumo huo. Tairi la kulia linahimili 100 za tope. Breki ikiliongezea mzigo wa 200, upande huo unakuwa umepokea 300. Difu inagawa sawa, kwa hiyo na kushoto kunakwenda 300, zote zikaingia kwenye changarawe. Jumla ya msukumo ardhini inakuwa 400 badala ya 200. Injini ni ileile na difu ni ileile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na madereva wenzangu wa siku nyingi kuhusu hendibreki. Wanafundishana kwamba ukikwama, vuta hendibreki nusu na ukanyage mafuta. Hendibreki inafunga tairi zote mbili za nyuma. Iweke 200 kila upande: kulia unapata 100 na 200, jumla 300, kushoto nako kunakwenda 300, lakini breki ya kushoto inashikilia 200 kati ya hizo, zinabaki 100 za kusukuma. Umerudi palepale ulipoanza, na klachi inanuka. Kwa difu ya kawaida, ujanja huo hauongezi kitu. Trekta linatoka kwa sababu breki zake zimetenganishwa.

Hendibreki inayo nafasi yake kwenye difu za LSD, zile zinazobana, ambazo hupatikana kwenye baadhi ya Mark II na pikapu. Nyingine zina sahani za klachi ndani, nyingine zina gia za kukwaruzana. Hizi zinaweza kuupa upande wenye mshiko nguvu mara mbili au zaidi ya upande unaoteleza, lakini lazima upande unaoteleza uwe na chochote cha kuzidishwa. Tairi likiwa hewani kabisa, difu ya gia haina cha kuzidisha. Breki kidogo inaipa, na hapo gari linasogea. Kujua unayo ipi, pandisha tairi zote mbili za nyuma kwenye stendi imara, weka vizuizi mbele, ingiza gia, achia hendibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume kirahisi, una difu ya kawaida. Yote mawili yakigoma, ni ya kubana, au kuna mtu ameichomelea. Difu ya kubana ina oili yake iliyoandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida, sahani zinatetema kwenye kona na kuisha mapema.

Kuchomelea nimekutaja, basi nikueleze. Wapo vijana wanaoleta gari wakitaka spaida gia zichomelewe ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Wengine wanatafuta mbwembwe, wengine wamechoka na tope. Nawakatalia, na nawaambia sababu. Fuso na matipa yana difuloki ya kiwandani, lakini dereva anaifunga akiwa amesimama, anatoka kwenye tope, kisha anaifungua kabla ya kufika kwenye ardhi ngumu. Iliyochomelewa haifunguki. Kwenye lami kila kona inaburuza tairi, ekseli shafti inapindwa mpaka ikatike, na gari linagoma kukata kona, linataka kunyooka. Siku mvua inanyesha mambo yanageuka: tairi zote mbili zinateleza kwa pamoja na nyuma ya gari inahama.

Hilo la nyuma kuhama ndilo linalonifanya niandike kwa uzito. Tope linakuchelewesha, lami inaua. Difu ya kawaida, pamoja na udhaifu wake wote, ina wema mmoja: ukizidisha mafuta kwenye kona yenye maji, tairi la ndani linazunguka bure kwanza, na la nje linabaki limeshika barabara. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ya Korogwe kwenda Segera inakuwa na oili, vumbi na maji kwa pamoja. Crown au Mark X yenye injini kubwa ikikanyagwa pale kwenye kona, zinaweza kuteleza zote mbili. TRC inapunguza nguvu ya injini kabla mkono wako haujajua kuna tatizo. Taa yenye picha ya gari na alama za utelezi ikipepesa kwenye dashibodi, mfumo uko kazini, nawe punguza mguu. Ikiwaka bila kupepesa, umezimwa au unaumwa.

Lakini niseme na upande wa pili, maana dereva wa Handeni atanibishia, na atakuwa na haki. Udongo wa kule ukilowa unajaza makunyanzi ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama sabuni, na mahali pengine njia pekee ya kupita ni kuendelea na mwendo huku tairi zikizunguka kidogo zijisafishe. TRC ikiona mzunguko huo inakata nguvu, gari linakosa pumzi katikati ya dimbwi na kusimama. Hapo bonyeza TRC OFF, kanyaga kwa kiasi, pita. Ukishafika kwenye ardhi ngumu, iwashe tena papo hapo. Kwenye Crown na Mark X kuna na kitufe kimeandikwa SNOW. Wengi wanakiacha kwa kuwa theluji Handeni hakuna. Kinafanya gari liondoke taratibu, na kwenye tope ndicho unachokitaka.

Ukiwa tayari umekwama, fanya hivi. Achia mafuta mara tu gari linapoacha kusogea. Shusha abiria, isipokuwa kama uzito wao uko juu ya tairi za nyuma na unasaidia. Chimba mbele ya tairi linalozunguka, weka mawe au matawi hapohapo, kwa sababu ndilo linaloamua nguvu ya upande wa pili: ukiliongezea mshiko wa 100, gari linapata 200. Nyoosha usukani. Tumia gia ya pili badala ya ya kwanza. Ikibidi punguza kidogo upepo wa tairi za nyuma, na uujaze mara utakapopata pampu. Njia za milimani, beba minyororo ya tairi.

Na nyie mafundi wenzangu, kuna mambo mawili yanaharibu mifumo hii mikononi mwetu. La kwanza ni kumfungia mteja tairi jipya upande mmoja na la zamani upande mwingine wa ekseli ileile. Vimo vinatofautiana, spaida gia hazipati kutulia hata kwenye barabara iliyonyooka, na kompyuta inadhani tairi dogo linateleza, inakata nguvu bila sababu. Mteja anarudi analalamika gari ni zito. La pili ni kuchomoa balbu ya taa ya TRC au ABS ili gari lionekane zima. Mara nyingi ugonjwa ni sensa iliyojaa tope au waya uliokatika karibu na habu, kazi ya saa moja. Anayechomoa balbu anamwacha mwenzake aingie kwenye kona ya mvua akiamini ana kinga ambayo haipo.

Kabla ya masika yajayo, dereva, mwombe fundi wako akujibu maswali matatu: gari langu lina difu ya aina gani, je, TRC yake ipo na inafanya kazi, na oili ya difu ilibadilishwa lini. Asipoweza kujibu, tafuta mwingine. Na ukishajibiwa, tairi likianza kuzunguka bila gari kwenda, ondoa mguu.